Tumbo la Mwanaheri

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo farasi walijijengea nyumba na kufunga milango kwa komeo, aliishi farasi dume aitwaye Tarishi pamoja na mkewe, Mwanaheri. Tarishi alikuwa na kifua kipana kama ngoma, na kwato zake zikigonga mwamba zilitoa cheche. Mwanaheri alikuwa mpole, mcheshi, na mlaji hodari. Akianza kutafuna alfajiri, majirani walijua kumekucha.

Miaka mitano walikaa bila mtoto. Mwaka wa sita Mwanaheri akapata mimba, na Tarishi karibu arukwe na akili kwa furaha. Mimba ya farasi ni miezi kumi na mmoja. Tisa ya kwanza ilipita salama, maana waliishi bondeni karibu na kijito, na kila siku Mwanaheri alitembea, akala majani mabichi, akanywa maji kila alipotaka.

Mwezi wa kumi ulipoingia, hofu ikamshika Tarishi. Aliwaza kwamba bondeni kuna matope na mkewe atateleza. Kuna nyoka. Kuna baridi. Basi akajenga nyumba mpya juu ya kilima, akamhamishia mkewe huko, akatia komeo. Akamwambia asinyanyue hata ukwato, kila kitu ataletewa. Akamjazia hori pumba za mahindi na majani makavu mpaka yakamwagika. Maji alimletea kibuyu kimoja tu kila asubuhi, na nusu yake ilimwagika njiani.

Alifanya yote hayo kwa mapenzi, wanangu. Msimchukie.

Siku ya kwanza Mwanaheri alikula. Ya pili alikula. Ya nne aliacha nusu. Ya sita alinusa hori, akageuza uso. Akawa anakwangua sakafu kwa ukwato, anapinda shingo kutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena. Tarishi akamwongezea pumba, akidhani zile za kwanza hazikumpendeza.

Jirani yao alikuwa digidigi aitwaye Kidawa, mkunga wa wanyama wote wa kilimani na bondeni. Kimo chake hakikufika goti la Tarishi, na miguu yake ilikuwa myembamba kama mabua ya ulezi. Alipopata habari kwamba Mwanaheri ameacha kula, hakungoja kuitwa.

Kwanza alimfungua mgonjwa mdomo, akatazama meno yote. Yalikuwa mazima. Akanusa majani makavu kuona kama yameota ukungu. Hayakuwa na ukungu. Akakagua hori asije akawa anameza mchanga. Hori lilikuwa safi. Ndipo akamsogelea sikioni.

"Bi Mwanaheri, mara ya mwisho ulikwenda choo lini?"

Mwanaheri aliona haya, akatazama ukuta. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa juzi, tena vidonge vitatu tu, vigumu kama kokoto.

Naona mnacheka. Kidawa hakucheka. Aliweka sikio lake kwenye ubavu wa mgonjwa akasikiliza. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, hunguruma guruguru, guruguru, kama chungu jikoni. La Mwanaheri lilikuwa kimya. Kidawa alisikia kitu kimoja tu, teke dogo la mtoto.

Akatoka mbio kumtafuta Tarishi, akamweleza bila kuzungusha maneno. Chakula ni kikavu, maji ni machache, na mgonjwa hatembei. Mtoto naye amekua, amelibana tumbo. Kilichoingia kimekwama. Na farasi hana bahati ya paka, hawezi kutapika. Apewe maji ya kutosha na atembezwe, leo hii, la sivyo wote wawili watakufa.

Tarishi alimtazama miguu, kisha akamtazama tena miguu. Akamshukuru kwa kuja kuwaona, akasema kwamba mke wa farasi hatibiwi kama mke wa digidigi. Yeye anataka mganga mkubwa.

Na mganga mkubwa akaja. Alikuwa Fisi.

Fisi hakuwa mganga, wanangu. Alikuwa na njaa. Alikuwa amesikia kwamba kule kilimani kuna mama mnene aliyelala, na ndani yake kuna mtoto laini. Basi akajivika shada la mifupa, akatundika pembe mbili begani, akaingia kwa hatua nzito mpaka mlango ukajaa. Tarishi alipoona upana ule, moyo wake ukatulia.

Fisi alimzunguka mgonjwa mara mbili bila kumgusa. Akasema kwa sauti nzito kwamba kuna jini limeketi tumboni. Mgonjwa asipewe maji hata tone, maana maji ndicho chakula cha jini. Asitoke ndani. Ale pumba kavu tu. Siku ya tatu apelekwe kwenye pango la Fisi, aachwe peke yake na mganga, na mumewe asigeuke nyuma. Alipofika kwenye neno pango, mate yalimtoka, akayameza haraka.

Kidawa alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta, akasikia yote. Akajua kwamba bila maji Mwanaheri hafiki hiyo siku ya tatu. Alikwenda kichakani akalia kidogo, kwa kuwa alimpenda Mwanaheri, na kwa kuwa inauma kusema kweli ukatazamwa miguu. Kisha akafuta machozi akaanza kufikiri. Kweli ameshaisema, haikupokelewa. Kesho atajaribu njia nyingine.

Asubuhi jua lilipochomoza tu, aliwakuta Fisi na Tarishi mlangoni. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, mganga. Nimekuja kujifunza. Jana nilisema upuuzi, leo nataka kuona mganga wa kweli akifanya kazi."

Fisi alijaa sifa. Akamwambia aulize lolote analotaka.

Kidawa akasema kwamba amesikia habari za waganga wa zamani, waliokuwa na nguvu hasa. Wao hawakungoja siku tatu. Walikaa mahali pa mgonjwa, kwenye majani yake yale yale, wakala chakula chake chote, wakajifunga mwiko wake. Mgonjwa alitolewa nje na kuzungushwa kilima mara saba, na jini likirudi linamkuta mganga, linashindwa, linakufa siku hiyo hiyo. Lakini huenda siku hizi waganga wa namna hiyo wamekwisha.

Tarishi akageuka kumtazama Fisi. Macho yake yalikuwa yamejaa matumaini.

"Mganga, wewe unaweza?"

Hapo Fisi akanaswa. Akisema hawezi, uganga umekwisha na pango litabaki tupu. Tena alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi, na hori lile lilikuwa limejaa. Pumba si nyama, lakini fisi hajajifunza kukataa. Akavimbisha kifua akasema kwamba kwake hilo ni jambo dogo.

Kidawa akamwomba Tarishi asimame mlangoni, atie komeo, asimtoe mganga wala kumpa kitu mpaka mizunguko saba iishe. Tarishi akasimama kama askari.

Basi Kidawa akamwongoza Mwanaheri nje, hatua moja, hatua ya pili, pole pole. Mwanaheri alitembea kwa taabu, jasho likimtoka shingoni. Aliwahi kusimama akasema hawezi tena, alale hapo hapo. Kidawa hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba mtoto anapiga teke, naye anasikia, kwa hiyo wote watatu waende mpaka kwenye ule mti, halafu wataona. Walipofika mtini alimtajia jiwe lililo mbele.

Na njia ya kuzunguka kilima, wanangu, inapitia wapi? Inapitia kijitoni.

Mzunguko wa kwanza Mwanaheri alinywa mafunda matatu. Wa pili alinywa mpaka masikio yakamchezacheza. Wa tatu Kidawa aliweka sikio ubavuni, akasikia kitu kwa mbali sana: guru. Kimya. Guruguru. Wa tano, walipofika nyuma ya kilima ambako hakuna aliyewaona, Mwanaheri alisimama ghafla, akainua mkia.

Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba Kidawa aliruka pembeni kwa wepesi mkubwa, na kwamba hakuna mkunga aliyewahi kufurahia lundo la mavi kama yeye siku ile. Mwanaheri alivuta pumzi ndefu, akaona haya, halafu akacheka mwenyewe. Kisha akainama akang'oa majani mabichi, akatafuna.

Huko ndani nako mambo yalikuwa yanaendelea. Fisi alikuwa amemaliza hori lote, kwapu kwapu, pumba kavu na majani makavu, mpaka akaramba mbao. Jua likapanda. Nyumba ikawa kama tanuri. Koo likamkauka, na zile pumba zikaanza kuvimba tumboni. Akalala ubavu huu, akalala ubavu ule. Akakwangua sakafu. Akapinda shingo kutazama mbavu zake, vile vile alivyokuwa akifanya Mwanaheri.

Akaita mlangoni kwa upole, akaomba kibuyu cha maji.

Tarishi akamjibu kwa heshima zote kwamba hathubutu. Mganga mwenyewe amesema maji ni chakula cha jini. Avumilie, imebaki mizunguko mitatu.

Baada ya muda Fisi akaita tena, sasa bila upole. Akasema afunguliwe atembee kidogo, angalau atembee. Tarishi akamkumbusha kwamba mgonjwa hatakiwi kutoka ndani, na mganga amejifunga mwiko wa mgonjwa. Akamwambia ajikaze, huenda ni jini ndilo linakata roho.

Fisi akapiga ukelele uliofika bondeni.

"Hakuna jini! Ni pumba! Zimejaa tumboni, kavu, zimekwama! Nipe maji, nitembee, au nitapasuka!"

Maneno hayo Tarishi aliwahi kuyasikia. Aliyasikia jana, kutoka kwa mdomo mdogo ulio chini ya goti lake, naye akayapuuza. Wakati anawaza hayo, mkewe akatokea kwenye njia akipanda kilima bila kushikwa, majani mabichi yakining'inia mdomoni, na Kidawa akirukaruka mbele yake.

Tarishi akavuta komeo. Fisi akatoka mbio kuelekea kijitoni, tumbo likiburuzika, pembe na mifupa vikidondoka njiani kochokocho. Tarishi alimsindikiza kwa teke moja, na cheche zikaruka ijapokuwa hapakuwa na mwamba. Tangu siku hiyo Fisi hakuonekana tena kilimani.

Tarishi alipiga magoti mbele ya mkewe, akamwomba radhi kwa kumfungia ndani. Mwanaheri akamwambia ainuke, watu wanaangalia, na kwamba akitaka kusamehewa aanze kwa kuwarudisha bondeni. Halafu Tarishi akamgeukia Kidawa. Akamuuliza kwa nini amemzungusha na habari za jini na mizunguko saba, badala ya kumwambia ukweli.

"Ukweli nilikuambia kwanza, Bwana Tarishi," Kidawa akasema. "Ulikuwa unatazama miguu yangu."

Siku iliyofuata Tarishi alikwenda nyumbani kwa Kidawa asubuhi na mapema, akajikunja akakaa chini ili masikio yake yawe sawa na mdomo wa mkunga, akauliza namna ya kumlisha mkewe. Kidawa akamweleza kwamba mtoto amechukua nafasi ndani, kwa hiyo mama ale kidogo kidogo lakini mara nyingi. Pumba zilowekwe kwanza. Maji yasikosekane. Na kila siku atembee, hata kama matope yapo.

Wakarudi bondeni. Mwezi wa kumi na mmoja ulipotimia, asubuhi yenye manyunyu, Mwanaheri alijifungua mtoto wa kike mwenye miguu mirefu iliyomchanganya. Alianguka mara nne kabla ya kusimama. Kidawa alimfuta pua, Tarishi alilia bila kuficha, na Mwanaheri aliwatazama wote, akauliza kama kuna aliyekumbuka kumletea chakula.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu, nami nimeisimulia kama nilivyosimuliwa: ushauri hupimwa kwa ukweli wake, haupimwi kwa kimo cha anayeutoa.