Kidole Kilikuwa Bado Chini

Mkitaka kubisha, bisheni sasa, maana nikishaanza sisimami. Nawaambia kijiji kizima kilimlilia mtu ambaye saa ileile alikuwa shambani anachimba viazi, buheri wa afya. Mnacheka? Chekeni. Mimi shule niliiacha njiani, lakini hili nalijua kuwashinda nyie wenye vyeti ukutani.

Kijana mmoja alikuwa na haraka. Aliitwa Yeriko Sanga, wa kule milimani Njombe, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Chama cha kuzikana cha kijijini kwao kilimwomba programu mpya, kwani ile ya zamani ilikuwa imechoka. Ilitakiwa ifanye jambo moja tu. Mwanachama akifariki, katibu anachagua jina lake, anabofya kitufe kilichoandikwa TANGAZA, na simu za wanachama wote zinalia. Wanaume wanabeba majembe, wanawake wanabeba kuni na unga. Chama kiliundwa kwa ajili hiyo, asizikwe mtu bila watu.

Katibu alikuwa Mama Ngailo, naye alikuwa na desturi yake. Alibonyeza kipanya, asiachie. Kidole kikiwa bado chini, alilisoma jina tena kwa sauti, akanyamaza kidogo kumheshimu marehemu, ndipo akakiinua. Programu ya zamani ilimstahi: haikutenda alipobonyeza, ilitenda alipoachia. Na akiona amekosea, aliusogeza mshale nje ya kitufe, akaachia huko, yakaisha.

Yeriko alipomwona alicheka. "Mama, huko ni kubofya au ni kukanda unga?"

"Nahakikisha, mwanangu. Tangazo la msiba halina kurudi."

Kijana akaona huo ni uzee tu. Katika programu yake aliagiza kitufe kitende papo hapo kidole kinaposhuka. Aliijaribu chumbani kwake kwa majina ya kubuni, ikaruka kama cheche, na haikumwangusha hata mara moja. Haikushangaza. Anayejaribu hana maiti.

Asubuhi moja akafariki Festo Mlowe. Mama Ngailo alivaa miwani, akachagua jina, akabonyeza. Kidole kikiwa chini, akasoma: Otmari Mligo. Ulikuwa mstari wa juu ya ule wa Festo. Hakushtuka. Alisogeza mshale pembeni kama siku zote, akaachia. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeshalia mezani.

Mke wa Otmari alipokelewa na vilio sokoni, akaanguka na beseni lake la nyanya. Otmari alirudi kutoka shambani akakuta moto umekokwa uani kwake na fundi anakata mbao za jeneza. Fundi alimwamkia, kisha akatupa msumeno akakimbia.

Yeriko akaitwa. Alikuja na kompyuta kwapani na jibu mdomoni: mashine imefanya ilichoambiwa.

Mama Ngailo hakupandisha sauti. "Nilikuwa sijaiambia bado, baba. Kidole changu kilikuwa bado chini."

Kijana aliketi palepale, akairekebisha kabla jua halijazama. Kitufe kikawa kinangoja kuachiwa, na aliyesogea pembeni akawa anasamehewa. Maana kubonyeza ni nia, na kuachia ndiyo tendo. Kati ya hayo mawili pana upenyo mwembamba kama pumzi, na humo ndimo binadamu anamotubia. Sasa nyie mnaojisifu kwa wepesi wa ulimi na wa mkono, nani amewaambia muuzibe?

Hapo ndipo huwa naishia, watu wakatikisa vichwa, nami nikaonekana nina akili. Lakini kuna kipande nimekiruka, kwa sababu kinaniharibia fundisho. Festo Mlowe alikuwa amekufa kweli. Tangazo lake lilitoka baadaye, sahihi kabisa, na watu waliposoma wakasema wanachezewa tena, wakarudisha simu mfukoni. Kaburi lake lilichimbwa na mashemeji wawili, na Otmari, na Yeriko. Walipomaliza kufukia, mjane aliwazuia wasiondoke. Alikuwa anatazama njiani. Alidhani wenzao bado wanakuja.