Mguu wa Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba, wakisonga ugali na kununiana na majirani kama sisi, palikuwa na Digidigi. Alikuwa mdogo wa umbo, miguu myembamba kama vijiti, lakini mbio zake, lo! Ukipepesa jicho umemkosa. Aliishi na mama yake huko Vilimani, na katika timu ya Vilimani alicheza beki.

Mwaka huo Vilimani ilikutana na Mtoni katika fainali. Vilimani hawakuwahi kulishika kombe lile hata kwa kuazima. Mtoni nao walikuwa na mshambuliaji wao, Nyati, kifua kama mlango wa ghala. Akikimbia, ardhi inaitika: ndi! ndi! ndi!

Vilimani wakafunga bao mapema, wakalilinda kama kuku na yai lake. Mchezo ukakaribia kwisha. Mara Nyati akaunasa mpira katikati ya uwanja. Ndi! ndi! ndi! Beki mmoja akaruka pembeni. Mwingine akainama, akajifanya anafunga kiatu. Akabaki Digidigi peke yake, na nyuma yake kipa, Kobe, ambaye alikwisha kuingiza kichwa ndani ya gamba.

"Nikimkabili atanisaga kama karanga," Digidigi akawaza. "Nikimpisha, kombe limekwenda."

Basi akafanya nini? Kabla Nyati hajamfikia, akajitupa chini, puu! Akakumbatia mguu, akapiga kelele, "Yalaa! Mguu wangu! Mama, nakufa! Nyati kanivunja!"

Nyati akafunga breki mpaka vumbi likamfunika. Akauacha mpira, akapiga magoti. "Pole, mdogo wangu! Nimekukanyaga? Wapi? Nionyeshe."

Digidigi akamwonyesha mguu mmoja. Kwa ule mwingine akaupiga mpira, pwaa! Ukaenda kuangukia migombani.

Refa alikuwa Twiga. Naye Twiga huona mbali sana, ila yanayotendeka chini ya kifua chake hayaoni. Akapuliza filimbi, pyeeee! Mchezo umekwisha. Vilimani mabingwa!

Digidigi akabebwa juu juu, vigelegele kila upande. Moyoni alicheka, kwi kwi kwi. Lakini aliyevunjwa mguu hawezi kushuka mabegani mwa watu akaenda zake akirukaruka. Ikambidi ajifunge kitambaa, ashike fimbo, atembee chechema, chechema, mpaka nyumbani.

Asubuhi mashabiki wakajaa barazani kwa Bi Kanga, muuza kahawa. Digidigi akakaa pembeni na kikombe chake.

"Hakumgusa!" Kiboko, shabiki wa Mtoni, akanguruma. "Mimi nilikuwa pale pale mstarini. Hakumgusa hata unywele!"

"Ulikaa mstarini au ulilala mstarini?" akadakia Nyani wa Vilimani. "Wewe jua likikuchoma kidogo tu, unasinzia!"

"Kama kakanyagwa, mbona refa hakupuliza faulo?"

"Refa Twiga! Utamwuliza Twiga mambo ya chini?"

Watu wakacheka, ha ha ha! Nyani akapanda juu ya benchi. "Yule Nyati amekusudia. Alishaona kashindwa, akasema bora avunje mtu. Yule si mchezaji, yule ni mnyama!"

Wakatazamana, mnyama kwa mnyama. Kisha wakaendelea kubishana.

"Jamani, mwenyewe si huyu hapa?" akasema Bi Kanga, birika mkononi. "Mwulizeni. Digidigi, alikukanyaga au hakukukanyaga?"

Macho yote yakamgeukia. Digidigi akaweka kikombe chini.

"Mguu... unauma," akasema.

"Mmesikia!" Nyani akapiga makofi. "Mmesikia kwa masikio yenu!"

Maneno hayo mawili yakatoka barazani, yakashika njia. Yalipofika kisimani yamekuwa marefu: eti Nyati ni mvunja miguu, eti ndiyo kawaida yake. Watoto wa Nyati wakienda kuteka maji, wenzao wanawaimbia, "Baba kwato! Baba kwato!" Twiga naye akatangaza: kesho watu wote wakutane uwanjani, Nyati apigwe marufuku kucheza mpira maisha yake yote.

Digidigi akayasikia hayo yote. Akarudi nyumbani, chechema, chechema. Mama yake akamwekea uji, akamtazama.

"Mwanangu, asubuhi ulikuwa unachechemea wa kushoto."

Digidigi akaangalia chini. Kitambaa kilikuwa mguu wa kushoto. Yeye alikuwa anaburuta wa kulia.

"Maumivu yamehama, mama."

"Aa. Kumbe maumivu nayo yana miguu." Mama akainuka. Alichukua bakuli, akaenda kuliosha, na uji bado umo.

Mara mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa Nyati. Mlango ulikuwa mdogo kwake, kwa hiyo akakaa nje, akaingiza kichwa tu. Kwenye pembe alining'iniza kifurushi cha majani mabichi na dawa aliyoitwanga mkewe.

"Nipe mguu, mdogo wangu, nikupake."

Digidigi akaunyoosha. Atafanyaje? Nyati akampaka taratibu, kwa ncha ya ulimi, kama anayempaka mtoto mchanga.

"Mimi ni mzito," akasema Nyati. "Wengine wananiogopa, na mimi siwaoni walio chini. Wanangu wameniuliza, baba, ulifanya makusudi? Nikasema hapana. Wakaniuliza, sasa mbona wote wanasema? Nikatoka kuja huku." Akavuta pumzi. "Nimeamua kuacha mpira. Kesho nitakiri mbele ya Twiga, yaishe. Tena nitapita kukubeba. Usijitese kutembea."

Digidigi akafungua mdomo. Akasema, "Asante, kaka." Mama yake alisimama jikoni, amegeukia moto, wala hakugeuka.

Kesho yake Nyati akaja kweli. Digidigi akapanda mgongoni mwake. Njia nzima watu walimzomea Nyati, "Huu! Huu!" na njia nzima walimpungia mkono Digidigi. Alitamani mgongo ule upasuke, umuingize ndani asionekane.

Uwanjani Vilimani walikaa upande wao, Mtoni upande wao. Twiga akauliza kutoka juu, "Nyati, ulimkanyaga Digidigi?"

"Sikuhisi kitu chini ya kwato," Nyati akajibu. "Lakini maumivu huyajua aliyeumia. Naye amesema. Mimi nakubali."

"Basi," Twiga akainua shingo, "kuanzia leo Nyati..."

"Ngoja!"

Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Twiga akatazama kushoto, akatazama kulia. Ndipo Digidigi akateleza kutoka mgongoni, tuu! akasimama. Akatupa fimbo. Akafungua kitambaa. Akaruka mara moja, juu kabisa, akatua kwa miguu yake minne, tap!

"Hakunigusa," akasema. "Nilijiangusha. Nilijua atasimama, kwa sababu ana huruma."

Uwanja mzima ukasimama. Kisha Nyani akapasuka, "Kwa kwa kwa! Mnaiona akili ya beki wetu? Kamlaza Nyati na macho yake wazi! Ujanja ndio mpira!" Vilimani wakapiga makofi, wakaanza kuliimba jina lake. "Nilisema mimi! Nilisema!" Kiboko akapaza sauti, na Mtoni wakadai fainali irudiwe. Ubishi ukaanza upya, huyu hivi, yule vile.

Digidigi hakuwasikia. Alimtafuta mama yake katika umati, akamwona, na mama akainamisha uso. Yale makofi yakamchoma kuliko fimbo.

Akageuka kwa Nyati. Alingoja pembe. Alingoja tusi. Angeshukuru kwa lolote.

Nyati aliinama mpaka wakatazamana. "Kwa hiyo mguu ni mzima?"

"Mzima."

"Yote? Hata huu niliokuwa naupaka?"

"Yote, kaka."

Nyati akashusha pumzi, fuuu! majani yakalala. "Afadhali," akasema. "Nilidhani nimekulemaza." Akageuka, akaenda zake kuwaambia wanawe.

Twiga alimwachia Nyati, akaamuru fainali irudiwe, na siku ya marudio kila mmoja alipiga kelele zake. Lakini jioni ile, mkutano ulipovunjika, Digidigi alirudi nyumbani polepole, macho chini. Alitembea kwa miguu mizima, na bado alichelewa kufika kuliko siku alipokuwa akichechemea.

Basi wanangu, anayeshinda kwa kuichezea huruma ya mwenzake, siku ya ukweli hana pa kuuweka uso wake.