Nyanya Zisizo na Doa

Palikuwa na mama mmoja, ndugu zangu, aliyeolewa kwa wakulima wa nyanya. Mama mkwe wake alikuwa na kawaida yake. Mvua zikianza tu, hutwanga majani ya mwarobaini na vitunguu saumu, akaviloweka kwenye ndoo, kisha akapita tuta kwa tuta na ufagio wa chelewa akiinyunyizia miche. Shamba zima linanuka, naye anaimba!

"Mama, miche mizima hii unaitibu nini?" mkaza mwana akamtania.

"Ikishaugua haitakuwa na nguvu ya kuipokea dawa, mwanangu," bibi akajibu, akaendelea na wimbo wake.

Bibi yule akafariki. Mvua zilizofuata miche ikashika vizuri, ikang'aa. Mkaza mwana akasema, ya nini kujisumbua? Wiki ya tatu mabaka ya kahawia yakaota majanini. Ukungu! Hapo ndipo alipoikumbuka ndoo. Akatwanga, akaloweka, akanyunyiza asubuhi na jioni. Harufu ile ikamrudishia mkwe wake mzima mzima, akalia palepale matutani, maana nyanya zile ndizo zilizowalisha wanawe. Majani yakazidi kukauka.

Jirani yake akaja kumpa pole.

"Au nimekosea vipimo?" mama akamuuliza. "Mbona nimefanya vilevile alivyofanya mama mkwe?"

"Yeye alinyunyiza lini?"

"Majani yakiwa hayana hata doa. Nami nikimcheka."

"Basi, shoga. Dawa ile haipigani na ukungu. Inaliamsha jani lijipiganie lenyewe. Jani lililokwisha kuliwa litaamka na nini?"

Mama akabaki ameushika ufagio. Angetoa nini, amsikie bibi yule akiimba japo asubuhi moja?

Mnacheka? Nani hapa hakunyunyiziwa? Hamkumbuki kuamshwa alfajiri kusali, macho yamejaa tongotongo? "Salimia wakubwa. Rudisha cha mwenzio." Tulikuwa na kosa gani? Hatukuwa na doa, tukanung'unika. Dunia ilipotuletea ukungu wake tukasimama, tukadhani ni nguvu zetu. Nawakumbuka wale wazee, jamani, nawakumbuka sana. Wengi wamelala makaburini, na ndoo wametuachia sisi. Nasi tunangoja mtoto aharibike ndipo tuitane vikaoni!

Mkifika nyumbani watazameni watoto wenu. Hawana doa? Basi leo ndiyo siku yenyewe.