Mlango wa Jokofu la Ngelema

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na mazimwi, ni zamani hii ya juzijuzi, palikuwa na ofisi ya watu watatu wanaoandika programu. Programu yao ililinda majokofu ya damu kwenye vituo vya afya. Damu ilikuwa ikiibwa, basi kila jokofu likawekewa kufuli la umeme. Mkunga anaandika jina, anaandika neno la siri, programu inauliza kwenye kanzidata, ghala la majina na maneno ya siri, kama ni yeye kweli, mlango unafunguka. Msiniulize habari za ufunguo wa akiba. Huo ndio uliokuwa ukitumiwa kuiba.

Wa kwanza aliitwa Machumu. Ndiye aliyeandika fungu la maagizo ya kumtambua mkunga, akaliandika refu, ukilisoma unasahau ulikoanzia. Katikati aliweka agizo moja: neno la siri likikataliwa, lijaribiwe tena kwa njia ya zamani. Alikuwa na sababu. Zamani maneno ya siri yalihifadhiwa kwa njia nyingine, na wakunga waliokuwa masomoni walikuwa bado hawajabadilishiwa. Sababu hiyo aliijua. Hakuiandika popote.

Wa pili alikuwa Ndimbo, mkuu wao. Yeye alisoma kazi za wenzake na kuziruhusu ziende vituoni. Fungu refu lilimkera kuliko njaa. Akasema, "Fungu lisiloenea kwenye kioo kimoja cha kompyuta silitaki. Likatwe."

Wa tatu alikuwa Tumsifu, fundi kuliko hao wawili. Akalikata fungu la Machumu vipande vidogo: hiki kinatafuta jina, hiki kinalinganisha neno la siri, hiki kinafungua mlango. Alipofika kwenye lile agizo la kujaribu tena, akashtuka. Aliyekosea anapewaje nafasi nyingine? Akapiga simu.

"Kaka Machumu, hili agizo la kurudia ni la nini?"

"Dada, niko kwenye kikao cha harusi. Nitakupigia."

Hakupiga. Tumsifu akasubiri, akachoka, akalifuta. Akajaribu programu na wakunga wote wa mjini, wote wakaingia. Ndimbo akasoma kipande kimoja kimoja, kila kipande sahihi. "Sasa hii ndiyo kazi," akasema, akairuhusu.

Haya, sikilizeni. Huko kwenye kituo cha Ngelema mkunga Anzawe alikuwa ndio kwanza ametoka masomoni. Mchana kweupe mama mmoja, Sikudhani, akajifungua mtoto wa kike, kisha akaanza kuvuja damu. Anzawe akaandika jina, akaandika neno la siri. Mlango ukakataa. Akaandika tena. Ukakataa. Akaandika polepole, herufi kwa herufi. Ukakataa. Damu alikuwa akiiona kupitia kioo cha jokofu. Hadi mtaimbo unaletwa na mlango unavunjwa, Sikudhani alikuwa ameshakata roho. Mtoto alikuwa mzima, analia.

Lugano, mume wa marehemu, hakwenda polisi. Alituma ujumbe ofisini: "Sitaki rambirambi, sitaki kundi la watu. Aje mtu mmoja. Akae mkekani mbele ya wakwe zangu, ampakate mtoto huyu, aseme: ni mimi. Asiyeweza kulisema hilo kwa ukweli asije."

Machumu akasema, "Siendi. Fungu langu lilikuwa refu, lilikuwa baya, lakini lilifungua mlango. Lingeachwa, Sikudhani angekuwa ananyonyesha."

Tumsifu akasema, "Siendi. Mimi niliuliza. Aliyejua alikuwa anapanga pilau la watu."

Ndimbo akasema, "Siendi. Sikuandika, sikufuta. Niliagiza likatwe, sikuagiza lipunguzwe."

"Lakini mkuu," Tumsifu akamwambia, "unapokagua kazi, kilichofutwa kinaonyeshwa kwa rangi nyekundu. Hukukiona?"

"Siku ile kioo kizima kilikuwa chekundu, dada yangu. Ulibadilisha kila kitu."

Siku zikapita, na Ngelema hakuna aliyekwenda.

Kisha akarudi fundi aliyetumwa kutengeneza mlango wa jokofu. Akasema, "Mkeka bado umetandikwa. Mtoto hajapewa jina. Baba yake anasema hatamwita kwa jina mpaka mtu huyo afike."

Tumsifu akalia mbele yao bila kujificha. Asubuhi yake akaja amejifunga kanga za msibani. "Nitakwenda mimi. Mkono uliofuta ni wangu."

Machumu akamzuia mlangoni. "Ukienda utamdanganya. Wewe hukujua, mimi nilijua. Nitakwenda mimi."

Ndimbo akachukua funguo za gari mezani. "Bila neno langu programu ile isingefika Ngelema. Nitakwenda mimi."

Juzi walikataa wote, leo wanagombania wote. Lakini Lugano hakuomba watatu. Aliomba mmoja, wa kukaa mkekani na kusema, "Ni mimi," na yawe kweli.

Nanyi mliokaa hapa mkinitazama, msinijibu kwa haraka, maana mtoto bado hana jina. Je, nani alistahili kwenda kumpakata?