Fumo na Mwanakombo katika Mji wa Tandamali

Nianze, nisianze?

Anza.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo.

Basi yafungueni, nami nifungue mdomo.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanakombo, na mumewe akiitwa Fumo. Walikuwa wakulima wa ufuta. Mwanakombo akaingiwa na ukungu machoni. Tabibu akamwambia wazi kwamba ukungu ule utazidi, na ufuta utakapovunwa hataona tena.

Tangu siku hiyo Mwanakombo hakutulia. Akikaa, huyo ameinuka. Akilala, huyo ameamka. Akipika, chungu kinaungua. Fumo akamwuliza anataka nini. Akasema anataka kuuona mji wa Tandamali, japo mara moja. Fumo akamkumbusha kwamba Tandamali ni mji ghali kuliko miji yote, nao hawana kitu. Mwanakombo akajibu kwamba yeye haendi kununua, anakwenda kutazama.

Wakafunga mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, hata wakafika kwenye lango la mji.

Langoni palikuwa na jini, begani ana mfuko. Akawapa sharti la mji.

"Humu anayekaa hulipa. Anayeegemea hulipa. Anayesimama hulipa. Anayetembea halipi."

Fumo akauliza, asiye na fedha akisimama je?

"Hulipa kwa alivyoviona," akasema jini. "Navitia humu mfukoni, naye hurudi kwao kama mtu asiyekuja."

Wakaingia, wakitembea. Wakapita uchochoro wa masonara, nyundo zikilia ti-ti-ti, cheche zikiruka. Wakapita kwa wauza manukato, udi ukawaingia nguoni bila kuombwa. Wakala mihogo yao huku wanatembea, jambo ambalo kwao wangelionea haya. Mara ikapita harusi na ngoma zake. Wakajiunga nyuma, na hakuna aliyewauliza ni wageni wa nani. Wakanyunyiziwa marashi kama ndugu wa bibi harusi.

Mwanakombo akataka kuona tena. Wakazunguka mji. Akataka tena. Wakazunguka. Miguu ya Fumo ikavimba. Kila alipoona baraza alilitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya wali, na kila alipotaka kuegemea, mkewe alimvuta.

Alasiri wakatokea mbele ya nyumba yenye ukuta wa vioo vya rangi. Jua lilikuwa linashuka nyuma yake. Rangi zikamwagika njiani, nyekundu, kijani, buluu, juu ya kanzu za watu na migongo ya punda. Macho ya Mwanakombo, yaliyokuwa yanaona kila kitu kama moshi, yakaziona rangi zile sawasawa.

Akasimama.

Fumo akamnong'oneza atembee. Hakusikia. Fumo akanyoosha mkono amvute, kisha akamtazama usoni. Tangu siku ya tabibu hakuwahi kumwona mkewe ametulia hivi. Akaurudisha mkono wake.

Jini akaja na mfuko wake, akauliza nani kasimama.

"Ni mimi," Fumo akasema. "Huyu ananingoja mimi."

Jini akamwangalia, akamwangalia na mwanamke. Akasema mfuko haujui majina ya watu, utapokea kwa yeyote. Ila ajue ataondoka bila hata rangi moja.

"Chukua," Fumo akasema. "Lakini mwache amalize kutazama."

Jini akaufungua mfuko mbele ya paji la uso wa Fumo. Wakaingia masonara. Ikaingia harusi. Vikaingia vioo. Jini akafunga kamba, akaenda zake.

Rangi zilipofifia, Mwanakombo akageuka. Fumo akamwuliza hapa ni wapi. Mwanakombo akafahamu, akalia. Akalia huku anatembea, maana hata mwenye kulia hakuruhusiwa kusimama.

Wakarudi kwao. Ufuta ukavunwa, na macho ya Mwanakombo yakafunga. Akawa anapapasa kuta, anaingia ndani, anatoka nje, hakai.

Jioni moja Fumo akamketisha mkekani, akamwomba amweleze Tandamali ikoje. Mwanakombo akaeleza. Nyundo, udi, ngoma, vioo. Fumo akasikiliza kama mtoto, akauliza hili, akauliza lile. Usiku ukaingia, na Mwanakombo bado amekaa.

Mwisho Fumo akauliza, "Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo," akasema Mwanakombo. "Ulikuwa nami hatua kwa hatua."

Basi, wasikilizaji wangu, mji uwe ghali vipi, una mengi yasiyo na bei, na anayetembea akayatazama ameyapata. Lakini asimsahau aliyempa nafasi ya kutazama.

Hadithi imefika kwake, nami nafika kwangu. Aliyeipenda aibebe, haina ushuru. Aliyesinzia asinisumbue, amwulize jirani yake. Miguu yangu imekufa ganzi.