Nani Kashuka?

Wapendwa, alikuwepo mpiga gitaa la besi mmoja wa kwaya ya kanisa. Msicheke, wapiga besi wa hapa. Leo nimekuja na hasira na sina nia ya kuificha.

Huyu alianza na gitaa, waya mmoja na spika. Basi. Akigusa uzi, kwaya nzima inajua pa kusimama. Siku moja akaja na ubao uliopangwa vikanyagio saba vya kubadili sauti. Kimoja kinatoa mwangwi, kimoja kinanguruma kama trekta, kingine kinatetemesha sauti kama mtu mwenye homa. Vijana wakashangilia: "Kaka, sasa hiyo ndiyo besi!" Na gitaa lenyewe? Tangu Pasaka hakukaza hata uzi mmoja. Akaze wa nini? Katika ngurumo ile nani angesikia?

Miezi ikapita, nyimbo zikaanza kuyumba. Mnadhani alijikagua? Thubutu! Alimgeukia mama anayeanzisha nyimbo, mama aliyeimba pale miaka ishirini na miwili.

"Mama, unashuka, hufiki kwenye sauti."

"Nashuka wapi, mwanangu?"

"Sauti imechoka, mama. Unatuharibia."

Na wanakwaya, wale wale aliowafundisha kufungua vinywa, wakatazama sakafu. Mama akapelekwa mstari wa nyuma. Hakutetewa na mtu. Hata mmoja! Hilo ndilo linalonichoma.

Ikafika siku ya mashindano ya kwaya za jimbo. Mlangoni mwa kanisa msimamizi akamzuia mpiga besi.

"Hapa ni gitaa na waya mmoja. Huo ubao uache nje."

"Lakini mzee, bila huu sauti yangu haisikiki vizuri!"

"Basi leo tutaisikia ilivyo."

Akachomeka. Akapiga. Kanisa zima likakunja uso. Uzi wa tatu ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo!

Halafu, kutoka mstari wa nyuma, mama akauliza taratibu, "Mwanangu, nani kashuka?"

Hakungoja jibu. Akapita katikati yao, akasimama kando ya gitaa, akatoa sauti moja, akaishikilia. Akamwashiria kwa mkono: kaza. Kaza tena. Hapo hapo. Kwa sauti ile ile waliyoifukuza, gitaa likapona.

Haya, sisi sasa. Wewe unayesema mkeo amepoa kiroho, mara ya mwisho uliomba lini mahali ambapo hakuna wa kukusikia? Ninyi wazee wa kanisa, tumemtenga nani kwa kosa lililokuwa miguuni petu? Tunanguruma Jumapili, Jumatatu jirani anatusalimia hatumwitikii, kisha tunashangaa nyumba zinayumba, na tunatafuta mama wa kumlaumu! Aibu hatuna?

Na mimi nisijitoe. Nyote mnaujua mwangwi wangu, ule unaoipeleka "Haleluya" yangu hadi sokoni. Fundi mitambo, uzime. Nimesema uzime! Na kipaza sauti pia.

Mnasikia? Nyembamba. Inakwaruza. Ndiyo yangu, sina nyingine. Na mwaka jana, kwa sauti hii ikiwa imevikwa mwangwi, nilimwondoa mama mmoja katika huduma yake mbele ya macho yenu, na ninyi mkatazama sakafu.

Mama, nakuona hapo nyuma. Njoo mbele, tafadhali. Nipe sauti, nikaze.