Mbuzi Aliyefunga kwa Niaba ya Mfalme

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, wanangu, katika nchi ya Uchina ambako misonobari hupanda milima hadi mawinguni, wanyama walikuwa na mfalme wao, mahakama yao na gereza lao, kama walivyokuwa navyo wanadamu.

Mfalme alikuwa Chui Milia. Babu yake, aliyetawala zamani, aliwahi kumuua mtumishi kwa hasira, na kulipokucha akagundua kwamba mtumishi yule hakuwa na kosa. Akalia siku nyingi. Kisha akachonga sheria kwenye kipande cha mwanzi na kukitundika juu ya kiti cha enzi:

“Kiumbe akihukumiwa kufa, mfalme aulizwe mara tatu kwa siku tatu, ili hasira yake ipoe. Na siku hizo, mpaka jua la siku ya tatu lizame, mfalme asile nyama wala asisikilize ngoma, ili tumbo lake lijue kwamba roho inatoka. Mfungo ukivunjwa, maulizo yaanze upya, na aliyeuvunja ajibu kwa kichwa chake.”

Sheria nzuri, sivyo? Ngojeni kwanza.

Chui Milia aliapa kaburini kwa babu yake kwamba ataishika sheria hiyo. Aliiogopa mizimu. Lakini aliipenda nyama, jamani! Na alikuwa na waziri, naye ni Mbweha.

“Mtukufu,” Mbweha akamwambia, “unapougua, si mjumbe wako hupiga magoti kaburini badala yako? Basi na tumtafute wa kufunga badala yako.”

Wakamteua nani? Mzee Mbuzi! Wakamvika mkanda mweupe, wakamwita Mfungaji wa Mfalme. Mbuzi, ambaye tangu azaliwe hajaonja hata tone la mchuzi wa nyama! Kila alipohukumiwa mnyama, Mbuzi aliketi siku tatu mkekani, akatafuna majani yake, mwa, mwa, mwa; na nyuma yake Mfalme akavunja mbavu, kwacha, kwacha.

Na yale maulizo? Mbweha alikwenda kila siku baada ya chakula cha mchana, Mfalme akiwa usingizini.

“Mtukufu, auawe?”

“Mmmh,” Mfalme alikoroma.

Na Mbweha akachovya brashi katika wino mwekundu.

Mwaka mmoja, majani yalipoanza kupukutika, maana huo ndio uliokuwa msimu wa kuua waliohukumiwa, Bi Kindi, mjane mkongwe mwenye macho mabovu, alikuwa juu ya msonobari akikusanya akiba ya siku za theluji. Tunda likamponyoka. Pwa! Likatua juu ya pua ya Mfalme, aliyekuwa akipumzika kivulini.

“Ameniinulia silaha!” Mfalme akanguruma. “Afe!”

Wakamtia Bi Kindi ubao mzito shingoni, wakamtupa gerezani.

Mwanawe, Kindi, alikuwa mwosha vyungu katika jiko la Mfalme. Umbo lake halikuzidi ngumi. Akakimbia hadi kwa Mbweha, akainamisha kichwa mpaka chini.

“Mheshimiwa Waziri, mama yangu haoni vizuri. Tunda lile lilimponyoka.”

“Na kichwa kitamponyoka vilevile,” Mbweha akacheka. “Usilie, kijana. Una siku tatu za kumuaga. Sheria yetu ina huruma. Kwingine angekwisha kufa asubuhi hii.”

Siku ya kwanza ikapita. “Auawe?” “Mmmh.” Siku ya pili ikapita. “Auawe?” “Mmmh.”

Jioni ile Kindi akamwendea Mzee Mbuzi. Akamkuta kwenye mkeka wake, machozi yakimdondoka ndevuni.

“Mjukuu wangu,” Mbuzi akasema, “safari hii ninamfungia mama yako. Nimekwisha kuwafungia arobaini na wawili. Hakupona hata mmoja.”

“Kwa nini hukatai, babu?”

“Nikiukataa mkanda huu, watakumbuka kwamba mimi nami ni nyama.” Akajinyofoa manyoya ya kifuani, konzi nzima. “Mpelekee mama yako. Gerezani kuna baridi.”

Kindi akayapokea. Njia nzima aliyabana kifuani, na njia nzima alikuwa akifikiri.

Siku ya tatu, Mfalme akiwa amesinzia kitini baada ya chakula cha mchana, alirudi na bakuli linalofuka moshi.

“Kunywa, babu, umekonda. Ni mchuzi wa maharage ya soya.”

Mbuzi akanywa, fyu, fyu, fyu. “Loo, mtamu! Umetia nini?”

“Uyoga, babu,” Kindi akasema, wala hakuweza kumtazama usoni.

Mara Mbweha akaingia na brashi yake. “Mtukufu, kwa mara ya tatu, au…”

“Mfungo umevunjwa!” Kindi alikuwa amekwisha kuruka juu ya nguzo. “Mtukufu, amka! Mnuseni Mfungaji mdomo!”

Mbweha akamsogelea Mbuzi. Fnf, fnf, fnf. Mkia ukamlegea. Kuna harufu ambayo mbweha hawezi kuikosea.

“Bata,” akanong’ona.

“Bata wangu?” Mfalme akaruka kitini. “Wewe mzee! Nani amekupa?”

Mbuzi akageuza macho polepole hadi juu ya nguzo. Wakatazamana.

“Ni uzee tu, Mtukufu,” Mbuzi akasema. “Sikuuliza ndani mna nini.”

Wakamvua mkanda mweupe, wakamtia ubao shingoni.

“Maulizo yaanze upya,” Mbweha akasema, “na wafe wawili kwa pamoja. Mfungo mmoja utawatosha.”

“Vyema. Nani atafunga?”

Punda akakohoa, “Kho! Kho! Mimi kifua changu, Mtukufu.” Nyati akakumbuka kwamba ana msiba kwao, ng’ambo ya mlima. Sungura alikuwa amekwisha kufika mtoni. Nani angeketi kwenye mkeka ambao juu yake tone la mchuzi hugharimu kichwa?

Mfalme akatazama kile kipande cha mwanzi, akalikumbuka kaburi. Ikabidi afunge mwenyewe.

Na hilo hasa ndilo Kindi alilolipanga.

Siku ya kwanza Mfalme aliletewa kabichi. “Ptu!” Lakini Mbweha alipouliza, “Wauawe?” alijibu kwa sauti kubwa, tena yu macho, “Wauawe!”

Kindi akastaajabu. Alidhani tumbo lile lisingemaliza hata siku moja.

Siku ya pili tumbo lilinguruma, ngurrr, ngurrr. Kindi akalisogeza jiko chini ya dirisha la ukumbi, akabanika bata, akaupepea moshi kwa mkia wake, fwa, fwa, fwa.

“Wauawe?”

“Wa… wauawe!”

Usiku huo Kindi alichungulia gerezani. Mama yake na Mzee Mbuzi walikuwa wameegemeana, mbao zao zimegusana, mama amejifunika yale manyoya. Hakubisha hodi. Angewaambia nini?

Siku ya tatu shoka lilinolewa uani, chwee, chwee, chwee. Kindi akampaka bata asali na tangawizi, akapepea mpaka jua lilipofika utosini na mkia wake ukaungua ncha.

“Kwa mara ya tatu na ya mwisho,” Mbweha akasema, “wauawe?”

Mfalme akafumbua kinywa. Udenda ukadondoka juu ya karatasi ya hukumu, wino mwekundu ukachuruzika.

“Nikisema ndiyo?”

“Utafunga mpaka jua lizame, Mtukufu. Ndivyo alivyoandika babu yako.”

“Na nikisema hapana?”

“Basi mfungo umekwisha sasa hivi.”

“Hapana!” Mfalme akapiga yowe. “Hapana, hapana, hapana! Waachiwe! Leteni bata!”

Lango la gereza likafunguliwa, kriii. Wanyama wakashangilia barabarani: “Mfalme wetu ana huruma! Ana huruma kama babu yake!” Bi Kindi naye, kwa macho yake mabovu, akapiga magoti kuelekea upande ambao si wa ikulu, akashukuru.

Mzee Mbuzi akasimama mbele ya Kindi, akijikanda shingo.

“Ulijua?”

“Nililijua tumbo la Mfalme, babu.”

“Na kama tumbo lake lingevumilia?”

Kindi akainama, akaupapasa mkia wake ulioungua. Mbuzi akashika njia ya mlimani peke yake. Hakumwita tena mjukuu.

Ndani ya ukumbi, Mfalme alikuwa na bata wa tatu.

“Mbweha, sheria hii imenitesa.”

“Basi iondolewe, Mtukufu.”

“Na babu yangu je?”

“Babu yako, Mtukufu, hakumwonja bata huyu.”

Mfalme akacheka mpaka akapaliwa. Akanyoosha mkono juu ya kiti cha enzi, akakichomoa kile kipande cha mwanzi, akakichonga ncha kwa ukucha. Wapishi wakakitumia kubanikia nyama. Mwosha vyungu ndiye aliyekisugua kila jioni, na kila jioni maandishi yakapungua.

Mwaka uliofuata, majani yalipopukutika, waliuawa thelathini asubuhi moja, bila swali na bila mfungo, na chakula cha mchana hakikuchelewa.

Basi, wanangu, lishikeni hili: anayemweka mwingine aone huruma kwa niaba yake, huruma amekwisha kuiua.